UZI: Goti likisagika, seli shina zinaweza kuotesha gegedu upya? Tushuke kwa undani

#1 Fundi_Pipeti (Tanga)

Wakuu, salaam. Kila baada ya siku chache anaingia mtu humu kuulizia "sindano ya seli shina ya magoti", anajibiwa nusunusu, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Nafungua uzi mmoja tulimalize. Watu wa maabara, wa upasuaji na wa mazoezi ya viungo karibuni, ila tuandike hatua na vipimo.

Seli shina ni seli changa zinazoweza kuongezeka na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Tutazifikia; naanza na gegedu lenyewe. Nenda kwa muuza nyama pale Ngamiani asubuhi, mwombe goti la ng'ombe aliyechinjwa siku hiyohiyo, akate kano zote lifunguke. Vile vichwa viwili vya mfupa wa paja vimevaa ganda jeupe lenye kivuli cha samawati, linateleza kama sahani iliyolowa. Libonyeze kwa ukucha: linabonyea kidogo kisha linarudi. Sasa likate kwa wembe taratibu mpaka ufike mfupani. Humo gandani hutaona hata tone la damu. Damu inaanza pale wembe unapogusa mfupa, na tatizo zima la ugonjwa huu limekaa kwenye mpaka huo.

Gegedu la goti la binadamu lina unene wa milimita 2 hadi 4 sehemu nyingi. Asilimia 70 hadi 80 ni maji. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni nyuzi za kolajeni aina ya 2, na katikati ya nyuzi zimesongamana molekuli za agrekani zenye chaji hasi, zinazovuta maji. Agrekani inataka kuvimba, nyuzi zinaizuia. Ukikanyaga, maji yanabanwa; ukiinua mguu, yanarudi. Seli zenyewe, kondrosaiti, ni kama asilimia 2 tu ya ujazo, kila moja imefungiwa kwenye kijumba chake. Hazina mshipa wa damu, hazina neva, na haziwezi kutambaa kwenda palipoumia. Chakula kinazifikia kwa kupenyeza kutoka kwenye ute wa goti.

Ngozi ikichanika, damu inaganda, seli zinafika, kidonda kinafunga. Gegedu likichanika hakuna kinachofika. Daktari William Hunter wa London aliliandika jambo hilo mwaka 1743. Nyuzi za kolajeni za mtu mzima nazo hazibadilishwi karibu maisha yake yote. Ulizonazo ukiwa na miaka 60 kwa sehemu kubwa ni zile ulizojengewa ukiwa unakua.

#2 Bi_Makorora

Ahsante mkuu, umeeleweka. Huku mitaani tunaambiwa "ute wa magoti umeisha", na watu wanakunywa supu ya makongoro na mchuzi wa bamia ili ute urudi. Je, kusagika ndiyo huko kuisha kwa ute?

#3 Dk_Viungo

Hapana dada. Goti zima lina ute kidogo sana, mililita 4 hivi au pungufu. Goti lenye osteoathraitisi, yaani huko kusagika, mara nyingi linakuwa na ute mwingi kuliko kawaida, ndiyo maana linavimba na daktari anaweza kuuvuta kwa sindano. Kinachoharibika ni ubora wake: asidi ya hyaluroniki inapungua na minyororo yake inakatika, ute unakuwa mwepesi kama maji. Makongoro ni chakula kizuri, ila kolajeni yake inameng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote. Haina njia ya kusafiri ikiwa nzima na kwenda kujipachika gotini. Bamia ni mboga, ifurahie kama mboga.

Kusagika kwenyewe si kuchakaa tu kama tairi. Seli za gegedu na za utando wa ndani wa goti zinaanza kutoa vimeng'enya vinavyokata gegedu: ADAMTS-5 inakata agrekani, MMP-13 inakata kolajeni aina ya 2. Agrekani ikitoweka mapema seli zinaweza kutengeneza nyingine, lakini nyuzi za kolajeni zikishakatika hazirudi. Mfupa ulio chini nao unakuwa mgumu zaidi, na pembeni unaota vinundu. Kwenye eksirei tunapima kwa madaraja ya Kellgren na Lawrence, 0 hadi 4, yaliyowekwa mwaka 1957. Kumbukeni eksirei haionyeshi gegedu. Inaonyesha nafasi kati ya mifupa, nasi tunakisia. Kwa hiyo picha ya goti ipigwe mtu akiwa amesimama. Akipigwa amelala, nafasi inaonekana pana kuliko ilivyo, na daraja linasomwa vibaya.

#4 Mgosi_Muheza

Dk, kabla hatujafika kwenye seli shina, wapasuaji wamekuwa wakifanya nini miaka yote hiyo?

#5 Dk_Viungo

Njia mbili kubwa, na zote ni za shimo dogo kwenye goti lililo zima, kama la mchezaji aliyeumia. Goti lililosagika lote ni habari nyingine.

Ya kwanza ni kutoboa mfupa, kazi iliyoenezwa na Richard Steadman wa Marekani kuanzia miaka ya 1980. Unasafisha shimo mpaka kingo zisimame wima, unakwangua tabaka la chokaa lililo chini, kisha unatoboa vitundu vya kina cha milimita chache, umbali wa milimita 3 hadi 4 kati ya kimoja na kingine. Ukivikaribisha zaidi vinaungana na mfupa unabomoka. Ukipunguza shinikizo la maji ya kamera iliyoingizwa gotini unaona damu na matone ya mafuta ya uboho yakichuruzika, na hapo unajua kina kinatosha. Damu inaganda shimoni, na ndani yake mna seli shina za uboho. Kosa kubwa hutokea baada ya hapo: mgonjwa anakanyaga kwa uzito wote ndani ya wiki mbili, bonge linang'oka. Magongo ni wiki 6 hadi 8.

Kinachoota ni gegedu la makovu, lenye kolajeni aina ya 1 kwa wingi. Kwa shimo la chini ya sentimita 2 za mraba mgonjwa anapata nafuu, lakini baada ya miaka michache nafuu hiyo huwa inapungua.

Ya pili ilitoka Gothenburg, Sweden. Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walitangaza matokeo ya wagonjwa 23. Unachukua miligramu 200 hadi 300 za gegedu kutoka mahali pasipobeba uzito, unaziotesha seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha unazirudisha chini ya kiraka kilichoshonwa. Kwenye kichwa cha mfupa wa paja, 14 kati ya 16 walipata matokeo mazuri. Nyuma ya kifuniko cha goti, 2 tu kati ya 7. Toleo la sasa, MACI, lililoruhusiwa Marekani mwaka 2016, linabeba seli 500,000 hadi 1,000,000 kwa kila sentimita ya mraba juu ya utando wa kolajeni. Utando huo ni wa nguruwe. Kwa wagonjwa wengi wa ukanda wetu hilo waelezwe mwanzoni kabisa, kabla hata ya kuzungumza bei. Na osteoathraitisi kali imetajwa waziwazi miongoni mwa hali ambazo matibabu hayo hayaruhusiwi.

#6 Fundi_Pipeti

Hapo Dk umenifungulia mlango. Kondrosaiti ukizilea juu ya plastiki zinajisahau. Baada ya kuzihamisha mara mbili tatu zinarefuka, zinaacha kolajeni aina ya 2, zinaanza aina ya 1. Halafu kuzipata lazima ujeruhi gegedu zima. Ndiyo sababu watu wakageukia seli shina za uboho, ambazo kundi la Friedenstein huko Urusi lilizionyesha tangu miaka ya 1960 na 1970, na Arnold Caplan akazipa mwaka 1991 jina lililoenea, "mesenchymal stem cells" (MSC).

Watu wanachanganya mambo mawili. Seli shina za damu ndizo zinazopandikizwa kutibu selimundu, kama inavyofanyika pale Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma. Seli tunazozungumzia hapa ni nyingine, zinazoweza kuwa mfupa, mafuta au gegedu. Kufaulu kwa zile hakuthibitishi lolote kuhusu hizi.

Kazi ya maabara inakwenda hivi.

Uboho unavutwa nyuma ya mfupa wa nyonga, kwenye bomba lenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Vuta mililita 2 hadi 4 kila sehemu, kisha sogeza sindano. Anayevuta mililita 20 mahali pamoja anajaza bomba damu ya mishipa, na seli anazozitaka tayari ni chache: kati ya 1 na 10 katika kila seli 100,000 zenye kiini kimoja. Unapunguza makali kwa maji ya chumvi, unamimina taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli (gramu 1.077 kwa mililita), unazungusha kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) dakika 30, breki ya sentrifuji ikiwa imezimwa. Breki ikibaki imewashwa, matabaka yanavurugika na ule utepe mweupe wa katikati hauonekani tena.

Utepe huo unaoshwa, unawekwa kwenye chupa, nyuzijoto 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Baada ya siku 2 au 3 unamwaga zinazoelea. Zilizoshika plastiki ndizo zako. Vikundi vinaonekana kati ya siku ya 7 na ya 10. Zikifunika asilimia 70 hadi 80 ya sakafu ya chupa unazing'oa kwa kimeng'enya cha tripsini dakika 3 hadi 5, huku unaangalia darubini. Ukizisahau zinakufa. Mizunguko isizidi 4 au 5, maana zikizeeka hazikubali tena kugeuka gegedu.

Kabla hujaziita seli shina zipite vigezo vya mwaka 2006 vya chama cha kimataifa cha tiba ya seli: zishike plastiki, asilimia 95 au zaidi ziwe na alama CD73, CD90 na CD105, zisizidi asilimia 2 zenye CD45, CD34 na nyinginezo za damu, na zigeuke mfupa, mafuta na gegedu maabara.

#7 Mgosi_Muheza

Kugeuka gegedu ndiko nakotaka. Unaziamuruje? Na umeme wetu huu?

#8 Fundi_Pipeti

Kwa kuzisonga pamoja. Brian Johnstone na wenzake walionyesha njia hiyo mwaka 1998, na maabara nyingi bado zinaitumia.

Hesabu seli 250,000. Ziweke kwenye bomba la mililita 15 la polipropilini. La polistairini lina tabia ya kuzing'ang'aniza ukutani. Zungusha 500 g dakika 5. Lishe ni nusu mililita, haina seramu: DMEM (maji ya lishe ya seli) ya glukosi nyingi, insulini na transferini, deksamethazoni nanomola 100, vitamini C ya fosfeti kama mikrogramu 50 kwa mililita, na kichocheo TGF-beta nanogramu 10 kwa mililita. Kifuniko kilegezwe hewa ipite. Usiguse kwa saa 24. Kesho yake ile karatasi nyembamba ya seli chini ya bomba imejikunja yenyewe ikawa donge, ukiligonga kidogo linaviringika kama chembe ya sago iliyoiva. Badilisha lishe kila siku 2 au 3, hadi siku ya 21. Likate, lipake rangi ya safranini O: likigeuka jekundu, agrekani ipo.

Yanayoharibika ni haya. TGF-beta ukiiyeyusha kwenye maji matupu inashika ukuta wa kichupa, kwa hiyo weka albumini kidogo, gawa sehemu ndogondogo na usigandishe mara ya pili. Donge likiwa kubwa mno, oksijeni na chakula havifiki katikati, kiini kinakufa na ukikata unakuta tundu. Kosa la kila mgeni ni kulivuta donge ndani ya pipeti wakati wa kubadilisha lishe: inamisha bomba, vuta kutoka juu, acha kidogo chini. Mikoplasma, bakteria wadogo mno wanaochafua seli za maabara, nayo haionekani kwa darubini ya kawaida wala haichafui rangi ya lishe, kwa hiyo lazima ipimwe kila mara.

Umeme ukikatika usifungue mlango wa inkubeta, lile kabati la joto la kulelea seli. Ikiwa imefungwa inashikilia joto kwa muda. Ukichungulia mara tatu umeimaliza. Angalia rangi ya lishe: ikiwa zambarau, kaboni dayoksaidi imetoroka na lishe imekuwa ya alkali, ikiwa njano, seli zimejaa mno au bakteria wameingia. Betri ya akiba ifungwe kwenye inkubeta kwanza, taa baadaye.

#9 Bi_Makorora

Kumbe gegedu linatengenezeka! Sasa kwa nini hawalichukui donge hilo wakalipachika?

#10 Fundi_Pipeti

Kwa sababu halibaki gegedu, dada. Seli shina za uboho zikifika wiki ya pili, ya tatu, zinaanza kutoa kolajeni aina ya 10. Hiyo ni alama ya gegedu la muda, lile linalokuwepo mtoto anapokua kisha likageuka mfupa. Seli zinavimba, zinatoa kichocheo VEGF, mishipa ya damu inaitwa, chokaa inaingia. Donge kama hilo likipandikizwa chini ya ngozi ya panya, linakuwa kipande cha mfupa. Zimefuata ratiba ya mfupa, na kuisimamisha ratiba hiyo mahali panapotakiwa ndiyo sayansi yenyewe.

Ndiyo maana naiheshimu sana kazi ya Charles Chan na Michael Longaker wa Stanford. Kundi lao lilitenga seli shina halisi za mfupa za panya mwaka 2015, na za binadamu mwaka 2018. Halafu Agosti 2020, pamoja na Matthew Murphy, wakatoa hatua iliyofuata. Hawakuleta seli kutoka nje. Walitoboa mfupa wa goti la panya ili kuziamsha seli shina zilizolala pale. Zikiachwa hivyo zinatengeneza kovu, kama Dk alivyoeleza. Wakaweka jeli yenye BMP2, inayozisukuma seli kwenye njia ya mfupa, pamoja na kizuizi cha VEGF, ili mishipa ya damu isiingie. Njia ya mfupa inapita kwenye gegedu kwanza. Wakaikatia hapohapo. Likabaki gegedu.

Natamani kila anayeuza sindano aisome kazi hiyo. Shida haikuwa uhaba wa seli. Ilikuwa amri: zianze wapi, zisimame wapi.

Mipaka yake nayo tuiseme. Gegedu la panya ni jembamba mno, sehemu ndogo ya milimita moja, na panya mwenyewe hazidi gramu 30 hivi. Seli zinazofunika unene huo zina kazi ndogo kuliko kujaza milimita 3 chini ya mtu wa kilo 80. Pia walikuta seli shina hizo zinapungua kwa umri, na wagonjwa wetu wengi ni wazee.

#11 Mgosi_Muheza

Basi sindano zinazouzwa nje ya nchi kwa mamilioni, mgonjwa anatolewa mafuta ya tumbo asubuhi, jioni anachomwa gotini, zinafanya nini?

#12 Dk_Viungo

Zinatuliza maumivu kwa baadhi ya watu. Gegedu hazioteshi. Seli zikiingia gotini nyingi zinapotea ndani ya siku hadi wiki chache. Kinachofanya kazi ni kemikali zinazotoa, zinazopunguza uvimbe. Caplan mwenyewe mwaka 2017 aliandika akitaka lile jina alilolieneza liachwe, kwa sababu linawafanya wagonjwa waamini seli hizo zinageuka kuwa kiungo kipya.

Mwaka 2023 yalitoka majaribio makubwa Marekani, wagonjwa zaidi ya 470 wenye osteoathraitisi ya goti. Walilinganisha uboho uliokolezwa, seli za mafuta, seli za kitovu, na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja hakuna iliyoishinda steroidi, si kwa maumivu wala kwa picha za MRI. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa osteoathraitisi. Korea Kusini waliruhusu Cartistem mwaka 2012, inayotumia seli za damu ya kitovu, lakini hiyo inawekwa kwa upasuaji ndani ya mashimo yaliyochongwa, siyo sindano ya dakika tano.

Madhara yapo. Mwaka 2018 huko Marekani watu 12 walipata maambukizi ya bakteria kutokana na bidhaa za damu ya kitovu zilizochafuka, wakiwemo waliochomwa kwenye viungo. Goti lililopata usaha linaweza kupoteza gegedu lililobaki ndani ya siku chache.

Anayekuuzia muulize: seli ni za nani, na zimetoka wapi mwilini? Ni ngapi, na ngapi ziko hai siku ya sindano? Zimepimwa bakteria na mikoplasma, cheti kiko wapi? Ni utafiti? Kama ni utafiti na unafanyika hapa nchini, kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) kiko wapi, na usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba)? Kama ni utafiti, kwa nini mgonjwa analipa? Asiyejibu swali la idadi ya seli, mwage hapohapo.

Na steroidi yenyewe isigeuzwe desturi. Utafiti wa mwaka 2017 uliwachoma watu miligramu 40 za triamsinoloni kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili. Gegedu lao lilipungua zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakuwa tofauti.

#13 Bi_Makorora

Dk, nakushukuru. Sasa mama wa miaka 60 na kitu, daraja la 3, hana nauli ya kwenda popote. Afanye nini leo?

#14 Mazoezi_Raskazone

Dada, naomba nijibu mimi, hii ndiyo kazi yangu.

Msuli wa mbele wa paja kwanza. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja, aushikilie sekunde 5 hadi 10, aushushe polepole. Mara 10, mizunguko 3, siku nyingi za wiki. Akizoea, afunge kifuko cha mchanga cha nusu kilo kwenye kifundo. Asihukumu kabla ya wiki 8. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakizidi mpaka kesho yake, apunguze idadi, asiache.

Uzito: kila kilo moja anayopungua inaondoa kama kilo 4 gotini kwa kila hatua. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ijaribiwe kabla ya vidonge, maana vidonge kwa umri huo vinagusa figo, presha na tumbo.

Halafu nyumbani. Mbuzi ya kukunia nazi ni adui wa goti lililosagika: anakaa chini kabisa, goti limekunjwa mpaka mwisho, halafu anasukuma kwa nguvu, kisha anainuka kwa mkupuo. Mbuzi iwekwe juu ya benchi imara, akae nayo goti likiwa kwenye pembe ya mraba. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu. Swala aswali kwenye kiti, ruhusa hiyo ipo kwa mgonjwa.

Kama anaendesha baiskeli, na Tanga wengi wanaendesha, asiache; goti linakunjuka bila kubeba mwili. Ila viti vya baiskeli nyingi viko chini mno na goti linabanwa. Akae, aweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Akihamishia pedali kwenye nyayo ya mbele, goti litabaki limekunjwa kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Kama kisigino hakifiki, ashushe kiti. Kama goti bado limepinda, apandishe sentimita moja moja na ajaribu tena.

#15 Bi_Makorora

Kiti cha baiskeli yake kiko chini kweli. Fundi ataitwa kesho asubuhi.